DAWA YA MGONJWA IANDIKWE

Ndugu zangu wa Bariadi, leo nina jambo moja tu: kumwuguza mgonjwa nyumbani.

Msimu wa kuchuma pamba nilimpa mama yangu vidonge vyake vya kisukari alfajiri, nikaenda shambani. Mke wangu aliporudi kutoka kisimani naye akampa. Hakujua. Saa 4 mama akatoka jasho, akatetemeka, maneno yakampotea. Bahati alikuwa bado anaweza kumeza. Jirani akamnywesha maji ya sukari, tukamkimbiza zahanati. Akapona.

Je, kosa la nani? Letu sote. Wote tulimpenda mama, lakini hakuna aliyeandika.

Sasa tuna daftari, limefungwa kwa uzi kitandani. Ukimpa dawa, andika saa na kiasi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza, mgeuze kila baada ya saa 2, uandike. Ukisahau, anaweza kupata vidonda. Anayeshika zamu anawe mikono kwa sabuni, asome daftari, ndipo amguse mgonjwa.

Ndugu zangu, tulijifunza kusoma ukubwani. Kisomo chetu kisiishie darasani, kifike kitandani kwa mgonjwa.