Mtoto Kuyumba Ghafla Baada ya Tetekuwanga
Tetekuwanga ikiisha, mtoto mdogo anaweza kuamka akiyumba. Jana alikimbia uani. Leo anapanua miguu ndipo asimame, na kikombe cha uji kinamtetemeka mkononi. Hajalogwa. Kinga ya mwili, iliyopambana na virusi, imeshambulia sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo. Wengi hupona kabisa baada ya wiki au miezi michache.

Hata hivyo, mtoto anayeyumba ghafla apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama hana homa. Malaria kali, homa ya uti wa mgongo au sumu aliyomeza huweza kuanza vivyo hivyo. Wa Lugulu, magharibi mwa Kenya, apelekwe hospitali ya misheni ya Friends. Wa Kitale na Bungoma, hospitali ya rufaa ya kaunti. Siku hiyohiyo. Asipewe aspirini. Akisinzia sana, akitapika au akipata degedege usiku, apelekwe bila kungoja kukuche.