Kijana wa Kazi na Saa Zake

Ndugu wanachama, na hasa ninyi mliotoka shule juzi juzi,

Tumeombwa na Halmashauri ya tawi tuseme nanyi juu ya kazi, masomo na starehe. Sisi si walimu. Sisi ni watu wa karakana, na makosa tutakayoyataja tuliyafanya wenyewe.

Shuleni kengele ilitugawia siku nzima. King'ora cha kiwanda chatuita kazini na kututoa, basi. Baada ya hapo hakuna atuulizaye twaenda wapi. Tulipopokea mshahara wa kwanza tulidhani huo ndio uhuru. Ijumaa dansi, Jumamosi mpira, Jumapili kutembeleana, na Jumatatu twasinzia mbele ya mashine, jambo la hatari kwa vidole. Tulikuwa watatu tulioandikishwa mtihani wa ufundi wa Serikali, daraja la 3. Alifaulu mmoja. Sisi wawili tulikuwa tumelipa ada, lakini vitabu hatukuvifungua. Nayo amri ya mishahara yapanga kima cha chini cha fundi kwa cheti chake, kwa hiyo mwenzetu alipanda, sisi tukabaki kunung'unika kwamba tajiri ana upendeleo. Upendeleo haukuwapo.

Ndipo tukaketi tukahesabu. Wiki ina saa 168. Amri ya jumla yasema kazi ya kawaida isizidi saa 52 kwa siku 6. Toa saa 56 za kulala, zabaki 60. Mwenye kukaa mbali na apoteze saa 2 njiani kila siku ya kazi: zabaki 48. Toa kupika, kufua na foleni ya maji. Hata hivyo, saa 6 za kitabu hazikosi. Simu ya mkononi peke yake yaweza kuzila, nasi twajua.

Lakini hatuwaambii mjifungie chumbani. Mwenzetu yule aliyefaulu alifanya hivyo mwaka uliofuata, akitaka daraja la 2. Mkutanoni hakuja, msibani hakuja, mchango hakutoa. Alipougua homa alilala siku 3 kabla ya mtu kubisha mlango wake. Tuliona haya, naye pia.

Hayati Tom Mboya alikuwa mkaguzi wa afya katika Baraza la Jiji la Nairobi. Alisoma kwa posta huku akiendesha chama, na mwaka 1955 akaenda chuo cha Ruskin, Oxford. Hakuacha watu ili asome.

Tena, Sheria ya Ajira ya 2007 yawapa siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo. Msiiuze siku hiyo kila wiki kwa ovataimu.

Chumba cha tawi kitakuwa wazi Jumanne na Alhamisi, saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Meza zipo, taa ipo. Chai tutachanga.