Maneno Juu ya Ushirika wa Wakulima wa Korosho, Kibiti na Rufiji

Sisi tulimao korosho Kibiti na pembezoni mwa delta ya Rufiji twaujua vema wakati wa maua: ubwiriunga waingia mikoroshoni, salfa yatakiwa, na mfuko ni mtupu. Hapo huja mwenye fedha, akanunua korosho zisizozaliwa bado, kwa bei aipendayo yeye. Ndiyo kangomba. Wengi wetu tumewahi kumwuzia.

Ushirika si jambo geni. Wachaga waliunda chama chao cha kahawa mwaka 1925, na sheria ya ushirika ikatoka 1932. Serikali ilivunja vyama vikuu mwaka 1976, ikaviruhusu tena kwa sheria ya 1982. Siku hizi chama cha msingi hukusanya korosho na kuzipeleka ghalani. Mkulima hupata stakabadhi, na wanunuzi hushindana mnadani. Mpango ni mwema, walakini (na tuseme kweli) una kungoja, na mgonjwa hangoji mnada.

Basi twaomba hivi: kila mwanachama na aweke akiba kidogo baada ya mnada, ili wakati wa maua tukopeshane wenyewe. Na daftari lisomwe kwa sauti mkutanoni, hata asiyejua kusoma aisikie hesabu yake.