Uuguzi: Wito Wenye Gharama

(Mada kwa viongozi wa walei na wazazi)



Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, wazazi wengi wa Matombo, Mgeta na Kinole huuliza: je, tumpeleke mtoto wetu kusomea uuguzi? Milimani kwetu, ambako mama mjamzito huweza kubebwa kwa machela hadi barabarani, thamani ya muuguzi haihitaji mahubiri. Lakini Bwana alitufundisha kwamba mwenye kujenga mnara hupiga hesabu kabla ya kuweka msingi. Basi nasi tupige hesabu.

TUONE

Kwanza, ajira. Zamani aliyehitimu uuguzi alitarajia kupangiwa kituo na Serikali. Katika miaka ya 1990, chini ya masharti ya marekebisho ya uchumi, ajira serikalini zilibanwa sana, na uhakika huo ukavunjika. Leo wahitimu ni wengi, na baadhi yao hujitolea kwa muda mrefu kwa posho ndogo, hali zahanati za vijijini zina upungufu wa wauguzi. Kazi ipo tele. Kinachokosekana ni fungu la mishahara. Mwaka 2001, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya. Nchi nyingi, yetu ikiwamo, hazijaitimiza ahadi hiyo.

Pili, hatari za mwili. Sindano moja iliyoteleza yaweza kuleta virusi vya UKIMWI au homa ya ini. Dawa ya kukinga UKIMWI ipo, lakini yapaswa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na chanjo ya homa ya ini aina ya B itangulie. Tusisahau migongo inayoumia kwa kuinua wagonjwa.

Tatu, mzigo wa moyo. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lililipuka Msamvu, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Tuliwaombea marehemu, na ilikuwa haki. Ni wangapi kati yetu waliouliza hali ya wauguzi waliowahudumia walioungua?

Nne, familia na lawama. Zamu za usiku na vituo vya mbali hutenganisha mke na mume. Dawa zikikosekana, anayetukanwa ni muuguzi, ingawa si yeye aliyeshindwa kuzileta.

TUPIME

Wapo wasemao: uuguzi ni wito, kwa hiyo muuguzi asidai. Hatukubaliani nao. Msamaria mwema alipomkabidhi majeruhi kwa mwenye nyumba ya wageni, alitoa dinari mbili na kuahidi kulipa kitakachozidi. Huruma yake haikumnyima mwuguzaji malipo. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba ujira wa haki ndio kipimo cha haki ya mfumo mzima wa uchumi. Fundisho hilo linalihusu Kanisa pia, maana nalo lina hospitali na zahanati.

Hata hivyo, ujira mdogo hauhalalishi kumdai rushwa mama mwenye uchungu. Mgonjwa naye ana haki zake.

TUTENDE

Hatusemi watoto wetu wasiende. Twasema waende wakijua. Wazazi, kabla ya kuuza shamba la ukoo, hakikisheni kwamba chuo kimesajiliwa, na jumlisheni ada ya miaka yote mitatu ya stashahada pamoja na muda wa kungoja ajira. Kijana azungumze kwanza na wauguzi wa zahanati ya karibu. Msimlazimishe asiyependa, wala msimzuie mvulana anayependa.

Viongozi, ulizeni katika kamati za zahanati: je, muuguzi wetu ana nyumba, maji, taa na glavu? Anayetunza uhai wetu asiachwe peke yake.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Muuguzi wa zahanati yetu anaishi katika hali gani?
2. Je, taasisi za Kanisa zinawalipa wauguzi kwa haki na kwa wakati?
3. Jumuiya yetu itamsaidiaje mhitimu anayengoja ajira?