Mahadhi ya Bombay, Maneno ya Mvita

Msikilizaji, haupiti mwezi bila ugomvi kuzuka mitandaoni: fulani kaiba biti, fulani kachukua melodi ya Mnigeria. Mashabiki hurushiana maneno mpaka usiku, na wimbo wenyewe hakuna aliyekaa chini akausikiliza. Mimi nataka twende Mombasa, kwa Juma Bhalo.

Marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alijipatia jina kwa taarabu ya mahadhi ya Kihindi. Alizichukua nyimbo za filamu zilizopendwa na watu wa pwani, akazitia Kiswahili. Wala hakumficha mtu. Mahadhi hayo watu waliyajua tangu sinema, na bado harusini walisimama kwenda kumtuza. Walituza maneno! Miongoni mwa mashairi aliyoimba ni ya binamu yake, Ahmad Nassir, yule Malenga wa Mvita.

Na kazi yenyewe si ndogo. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, nane kipande cha kwanza, ukwapi, na nane kipande cha pili, utao. Mahadhi ya filamu yalitungiwa Kihindi, lugha yenye silabi zake ndefu na fupi. Inabidi mwimbaji avute hapa, abane pale, mkazo wa Kiswahili ubaki kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kina kitue pale muziki unapopumua. Akikosea, neno linavunjika, na wazee wa Mji wa Kale hawaoni haya kumwambia. Ufundi kama huo siwezi kuuita wizi. Hata hivyo, mtunzi wa Bombay naye alistahili kutajwa kila wimbo ulipopigwa.

Wizi ninaoujua mimi ni uliompata Solomon Linda. Mzulu huyu alirekodi "Mbube" mjini Johannesburg mwaka 1939, akalipwa shilingi chache. Wimbo ukavuka bahari, ukabadilishwa jina na maneno, na mwaka 1961 kundi la The Tokens likavuma nao Marekani. Linda akafa maskini mwaka uliofuata. Mwaka 1994 mahadhi yake yakasikika tena ndani ya filamu ya "The Lion King". Binti zake walihangaika mpaka 2006 ndipo wakafikia makubaliano ya malipo. Miaka 67 tangu wimbo urekodiwe! Hapo kuna watu walioshiba kwa jasho la mtu ambaye jina lake lilifutwa.

Kwa hiyo msanii wetu akichukua kipande cha wimbo wa mwenzake, mimi namuuliza mambo mawili: umeongeza nini chako, na mwenyewe umemwandika wapi? Wimbo unaposajiliwa kuna nafasi ya majina ya watunzi, na mgao wa mirabaha hufuata majina hayo. Aijaze kabla wimbo haujatoka. Nasi wa redioni tunapopiga wimbo wa namna hii, tuwataje wote wawili, mwenye maneno na mwenye mahadhi.