Kahawa Isiyokwaruza Koo
Mazungumzo juu ya maarifa ya kale ya jikoni



Yako mambo mawili ya ajabu katika kaunti zilimwazo kahawa nchini Kenya. La kwanza ni kwamba kahawa ya Nyeri, Kirinyaga, Murang'a na Kiambu husifiwa na wanunuzi wa ng'ambo kuwa ni miongoni mwa kahawa bora za dunia. La pili ni kwamba katika nyumba nyingi za wakulima hao hao mgeni hukaribishwa kwa chai. Mkulima huchuma buni zake, huzipeleka kiwandani, hungojea malipo, kisha huketi chini na kunywa chai ya maziwa. Wako wazee waliotunza mibuni tangu ujana wao ambao hawajapata kuonja kikombe kimoja kizuri cha zao lililowasomeshea watoto.

Sababu yake si ngumu kuijua. Mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari Wakatoliki walipanda kahawa huko Bura katika nchi ya Wataita, na baadaye karibu na Nairobi. Walowezi wakaifuata kwa mashamba makubwa, na Waafrika wakazuiwa kuilima mpaka miaka ya 1930, walipoanza kuruhusiwa wachache katika sehemu za Meru, Embu na Kisii. Hivyo kahawa iliingia vijijini kama zao la fedha, wala haikuingia kama kinywaji. Miche ililetwa pamoja na maagizo ya kupanda, kupogoa na kunyunyiza dawa, lakini hakuna aliyeleta maagizo ya birika.

Basi hutokea hivi. Mtu hupata konzi ya kahawa, huikaanga mpaka ikawa nyeusi kama makaa, huitwanga ikawa unga laini, kisha huitia katika sufuria na kuichemsha kwa muda mrefu kama achemshavyo chai. Akiinywa hukunja uso, huimwaga, na kusema kwamba Wazungu wana ndimi za ajabu. Mtu huyo amelitukana zao lake mwenyewe bila haki, kwani kosa halikuwa la mbuni, lilikuwa la sufuria.

Yafaa kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya, yaani uchachu na uchungu. Uchachu umo ndani ya buni yenyewe. Aina ziitwazo SL28 na SL34, zilizochaguliwa katika miaka ya 1930 na maabara ya Scott karibu na Nairobi, zina asidi iliyo dhahiri, na ladha yake hukumbusha ndimu au matunda ya porini. Hiyo ndiyo sifa waitafutayo wanunuzi, nao huilipia fedha nyingi. Lakini ulimi usioizoea huiona kuwa ni ukali. Uchungu, kwa upande mwingine, sehemu kubwa huletwa na mpishi: kukaanga kupita kiasi, kusaga laini mno na kuchemsha muda mrefu. Mwenye kutaka kahawa laini hana budi kumjua kila adui kwa jina lake, maana dawa ya mmoja haimponyi mwingine.

Mambo haya yaliwasumbua watu wengine zamani, na dawa walizozipata ni za jikoni tu. Katika karne ya 19 watu wengi wa Uswidi na Norwe walihamia Marekani, wakakaa Minnesota na majimbo ya jirani. Wengi wao walikuwa wakulima wasio na mali nyingi, na kahawa waliyoweza kuinunua haikuwa nzuri. Tena walikuwa na desturi ya kukusanyika kanisani na kunywa kahawa watu mia kwa pamoja, iliyopikwa katika mabirika makubwa mno, wala hapakuwa na vichujio vya kutosha kazi hiyo. Mabibi wa makanisa hayo wakatumia yai. Msikilizaji asicheke, kwa kuwa desturi hiyo imedumu katika nchi ile hata leo, na kahawa hiyo ni laini kuliko nyingi zinazouzwa mahotelini.

Namna yake ni hii. Kwa vikombe tisa vya maji hutwaliwa robo tatu ya kikombe cha kahawa iliyosagwa kwa chenga, isiwe unga. Yai moja zima huoshwa vizuri, likavunjwa ndani ya bakuli, na ganda lake likapondwa na kutiwa humo humo. Kahawa huongezwa, pamoja na robo kikombe ya maji baridi, na vyote hukorogwa mpaka vikawa kama udongo mweusi wa mtoni. Kwa kweli huonekana vibaya, na mpishi wa mara ya kwanza hudhani ameharibu yai na kahawa pamoja. Maji yakiisha kuchemka, udongo ule hutiwa ndani, moto ukapunguzwa, na birika likaachwa litokote polepole dakika tatu tu. Hapo mchanganyiko hushikana ukaelea juu kama bonge. Birika likiondolewa motoni humwagiwa kikombe kimoja cha maji baridi, nalo bonge huzama chini. Baada ya dakika kumi kahawa humiminwa polepole, ikapitishwa katika chujio. Hutoka ikiwa na rangi ya asali ya nyuki, angavu hata chini ya kikombe huonekana.

Ute wa yai una protini ambazo hushikana na vitu vikwaruzavyo ulimi, vile vifananavyo na ukakasi wa ndizi mbichi. Moto ukiugandisha ute huo, hukamata pia chenga ndogo zote, kama wavu ukamatavyo dagaa. Ganda nalo karibu lote ni madini yale yale yaliyomo katika chokaa na chaki, ambayo hupunguza asidi. Kwa hiyo yai moja huwapiga maadui wote wawili, na kwa nyumba yenye watu wanane gharama yake si kubwa. Asiyependa kupoteza yai zima aweza kuweka maganda aliyoyaosha, akayakausha motoni na kuyaponda. Hatapata ute, lakini atapunguza uchachu.

Wamarekani walizoea yai katika kahawa hata katika biashara. John Arbuckle wa Pittsburgh aliuza kahawa iliyokaangwa tayari na kupakwa yai na sukari ili isipoteze harufu, na kahawa yake iitwayo Ariosa, iliyotokea mwaka 1873, ilinywewa sana na wachunga ng'ombe wa nyika za magharibi. Wachungaji hao hawakuwa na chujio wala yai porini. Walichemsha kahawa juu ya moto wa kuni, kisha wakamwagia maji baridi kidogo ili machicha yazame. Huko Uswidi na Norwe kwenyewe watu walitumia ngozi ya samaki iliyokaushwa, kipande kidogo tu katika birika, nayo ilifanya kazi kama ya ute wa yai. Watu wa Ziwa Viktoria wenye samaki wengi huenda wakapenda kujaribu, ingawa yaelekea kwamba yai litawapendeza zaidi wageni.

Dawa iliyo rahisi kuliko zote ni chumvi. Punje chache tu, ziwezazo kushikwa kwa ncha za vidole viwili, zikitiwa katika birika zima hupunguza uchungu, wala mnywaji hatambui kwamba chumvi imo. Wataalamu wa ladha wameonyesha kwamba chumvi huuzuia ulimi usihisi uchungu sana. Katika sehemu nyingine za Uhabeshi, nchi ambako kahawa ilianzia, watu hunywa kahawa yenye chumvi badala ya sukari. Magadi pia huvunja asidi, lakini yakizidi kidogo kahawa hunuka sabuni, na mpishi mwenye haraka ni afadhali asiyaguse.

Watu wa pwani wana njia yao. Muuza kahawa wa Mombasa au Lamu, apitaye jioni na dele lake la shaba juu ya makaa akigonganisha vikombe, hajaribu kuuondoa uchungu hata kidogo. Huuweka, akatia tangawizi au iliki, na mnywaji hutafuna tende, halua au kashata, kisha akapiga funda dogo. Uchungu na utamu hukutana kinywani wala si katika birika. Tena maji ya visima vingi vya pwani hupita katika mawe ya matumbawe yakachukua chokaa, na maji ya namna hiyo hupunguza uchachu yenyewe. Maji ya mvua na ya mito ya milimani ni mepesi, hayana msaada huo, na mtu wa Nyeri hana budi kuutafuta katika ganda la yai.

Liko jambo moja lipasalo kusemwa juu ya kahawa ya kuchemsha. Mwaka 1983 wataalamu wa mji wa Tromsø huko Norwe walitangaza kwamba wanywaji wa kahawa nyingi walikuwa na mafuta mengi ya kolesteroli katika damu kuliko wengine. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba kahawa ya kuchemshwa isiyochujwa huacha ndani ya kikombe mafuta fulani ya buni, nayo ndiyo yapandishayo kolesteroli. Chujio la karatasi huyazuia mafuta hayo. Chujio hilo lenyewe ni mali ya jikoni, maana mwaka 1908 Bibi Melitta Bentz wa Dresden, Ujerumani, alichoka na machicha, akatoboa chombo cha shaba kwa msumari na kukitandika karatasi ya kukaushia wino aliyoitoa katika daftari la mwanawe. Kwa hiyo mzee aliyeonywa na daktari juu ya moyo wake, akipenda kahawa kila siku, na aipitishe katika karatasi hata kama imepikwa kwa yai. Mwenye kunywa kikombe mara moja kwa juma hana haja ya kuingiwa na hofu.

Hayo yote hayatasaidia ikiwa kahawa imeunguzwa. Mkulima aliyeweka mbuni kavu kidogo kwa matumizi ya nyumbani aitwange kinuni taratibu mpaka maganda yatoke, aipepete kwa ungo, kisha aikaange katika chungu au kikaango kizito akiikoroga bila kupumzika. Baada ya dakika kadhaa itaalika kama bisi. Sauti hizo zikipungua na rangi ikiwa ya hudhurungi iliyokolea, na aitoe upesi, maana dakika moja au mbili za kuzungumza na jirani mlangoni zatosha kuifanya makaa. Ipoe juu ya ungo, ilazwe usiku mmoja kabla ya kusagwa. Birika lisuguliwe kila siku, kwa kuwa mafuta ya kahawa ya jana huvunda yakaharibu ya leo, na chujio la kitambaa lioshwe kwa maji matupu pasipo sabuni.

Machicha yaliyobaki, pamoja na yai lake, yatupwe katika shimo la mbolea. Kuku wasipewe, ijapokuwa watayakimbilia, kwa sababu kahawa ni sumu kwao.