Fedha za Umma na Fundi Mdogo

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Natumaini nyote mmekwisha kukaa, na kwamba mwalimu amekwisha kuandika ubaoni maneno matatu ya leo: utafiti, ruzuku, na hataza. Kila neno nitalieleza litakapofika.

Nianze kwa mfano. Mtu mmoja amepata wazo la kutengeneza chombo cha kuwasaidia wagonjwa. Ana karakana ndogo na wenzake wawili, lakini fedha hana. Anakwenda benki. Bwana wa benki anamwuliza, "Chombo chako kinafanya kazi?" Naye anajibu, "Bado sijui, ndiyo maana nataka fedha nikijaribu." Benki haikopeshi mtu asiyejua. Anamwendea tajiri. Tajiri anamwambia, "Kikisha kufanya kazi, rudi." Basi wazo linabaki kichwani mwa fundi, na mgonjwa anabaki na maradhi yake.

Leo nitawaeleza jinsi watu wa Marekani walivyojaribu kulifungua fundo hilo.

Serikali ya Marekani kwa miaka mingi imetoa fedha kwa ajili ya utafiti. Utafiti maana yake ni kutafuta jambo kwa utaratibu: kuuliza, kujaribu, kupima, na kuandika yale uliyoyaona. Lakini sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ikienda kwa vyuo vikuu na makampuni makubwa. Wadogo walipata kidogo mno. Mwaka 1977, katika Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya huko, Bwana Roland Tibbetts alianzisha mpango wa kuyapa makampuni madogo fedha za kujaribia mawazo yao. Mpango ulionekana unafaa. Mwaka 1982 Bunge likapitisha sheria, na Rais Ronald Reagan akaitia sahihi.

Sheria ile iliamuru hivi: kila idara ya serikali inayotumia zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka kulipia utafiti unaofanywa na watu wa nje ya serikali, lazima itenge fungu kwa makampuni madogo. Fungu lilianza likiwa senti 20 tu katika kila dola 100. Likapanda kidogo kidogo, hata mwaka 2017 likafika dola 3 na senti 20 katika kila dola 100. Haba na haba hujaza kibaba. Miongoni mwa waliotoa fungu hilo ni Taasisi za Taifa za Afya, ambazo kazi yake ni utafiti wa maradhi na tiba.

Sasa tutazame neno la pili, ruzuku. Ruzuku si mkopo. Haina riba, wala hairudishwi. Lakini si sadaka pia, maana mtu huipata kwa kushindana na wenzake, na wataalamu huyapima maandishi yake kabla hajapewa hata senti moja.

Fedha hizo zilitolewa kwa hatua. Hatua ya kwanza ni fedha kidogo, kwa miezi michache, ili kujua kama wazo lina ukweli. Aliyefaulu aliweza kuomba hatua ya pili, yenye fedha nyingi zaidi, kwa muda wa miaka miwili hivi, ili atengeneze chombo chenyewe. Kwa kadiri iliyowekwa mwaka 1992, hatua ya kwanza ilikuwa dola 100,000, na ya pili dola 750,000. Hatua ya tatu ni kupeleka chombo sokoni, na hapo fungu hilo halikumlipia tena. Mwenye kampuni alitafuta fedha kwingine. Mnaona hekima yake? Mkulima mwangalifu hapandi mbegu asiyoijua shamba zima. Hupanda tuta moja kwanza.

Tuchukue kisa kimoja cha kweli. Mwaka 1987, katika mji wa Seattle, mhandisi David Giuliani aliungana na walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Washington, David Engel na Roy Martin. Walitaka kutengeneza mswaki wa umeme unaotetemeka kwa kasi kubwa. Nia yao ilikuwa kuondoa ukoga, ule utando unaoshika kwenye meno. Ndani ya ukoga mna vijidudu, na usipoondolewa, fizi huvimba na kutoa damu, na mwisho meno hulegea na kung'oka.

Kampuni yao ilikuwa changa, nayo ilipata ruzuku kutoka Taasisi za Taifa za Afya. Njia ya kwanza ya kuutetemesha mswaki ilileta taabu, ikabidi waiache na kutumia nguvu ya sumaku. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kama fedha zingekuwa za mkopo, huenda njia ile ya kwanza ingewafilisi. Mwaka 1992 mswaki ulitoka, ukaitwa Sonicare. Hupiga mapigo zaidi ya 30,000 kwa dakika moja. Mwaka 2000 kampuni ya Philips ya Uholanzi ikainunua ile kampuni yao.

Hapa tunafika kwenye neno la tatu. Hataza ni haki ya mvumbuzi, iliyoandikwa kisheria, ya kuwazuia wengine wasiige kitu chake kwa muda fulani. Je, kitu kilichovumbuliwa kwa fedha za serikali ni mali ya nani? Sheria nyingine ya Marekani, ya mwaka 1980, iliruhusu kampuni ndogo kubaki na hataza yake, nayo serikali ikapata ruhusa ya kukitumia kitu hicho bila malipo.

Na hapo ndipo palipo na ubishi, ndugu zangu. Mmoja atasema, "Mlipa kodi amelipa mara mbili: kwanza kwa kodi, kisha dukani, tena kwa bei kubwa." Mwingine atajibu, "Bila hataza, hakuna atakayetia fedha zake katika hatua ya tatu, na chombo kitabaki kabatini." Maneno yote mawili yana uzito. Mswaki ule si wa bei ya maskini, na mtu anayetumia mswaki wa kawaida kwa uangalifu, asubuhi na usiku, anaweza kuyatunza meno yake vizuri. Lakini wakumbukeni pia wale waliojaribu wasifaulu, maana hao nao wapo. Mwenye kutoa fedha za utafiti lazima akubali kwamba nyingine zitapotea. Asipokubali, atawapa tu wale wenye majibu tayari, na hao hawana haja ya utafiti.

Jambo la mwisho. Sheria ile haikuwa ya milele. Bunge liliipa muda, na kila muda ulipokwisha ilibidi wabunge waijadili upya. Muda ulioongezwa mwaka 2022 uliwekwa mwisho wake tarehe 30 Septemba 2025. Basi fedha za umma husimama juu ya uamuzi wa umma. Wananchi wasiojua kusoma bajeti hawawezi kuuliza fedha yao imekwenda wapi. Ninyi mnaojifunza kusoma usiku huu, baada ya kazi ya kutwa, mnajifunza kuuliza swali hilo.

Sasa, mwalimu, tafadhali liulize darasa maswali haya:

1. Kwa nini benki haikutaka kumkopesha yule fundi?
2. Ruzuku na mkopo vinatofautianaje?
3. Kwa nini fedha zilitolewa kwa hatua, si zote kwa mara moja?
4. Kama ungekuwa wewe mbunge, ungemwachia mvumbuzi hataza yake? Toa sababu.

Swali la nne halina jibu moja. Jadilianeni, kila mtu amsikilize mwenzake, na anayeweza kuandika aandike aliyosema jirani yake. Kwaherini, na usiku mwema.